Kiti cha Mbao Iliyopinda

Kile kiti kilifika kibandani kwangu kwa boda boda mbili. Ya kwanza ilibeba sehemu ya kukalia pamoja na mguu wake wa chuma, vimefungwa kwa mipira ya tyubu. Ya pili ilimbeba mama mmoja mzee aliyevaa sweta ya kijivu, amekumbatia mgongo wa kiti kifuani kama mtu anayempeleka mtoto hospitali. Aliposhuka hakumwachia mtu yeyote aupokee. Aliuweka mwenyewe juu ya meza yangu ya kukatia vitambaa, polepole, ndipo akanisalimia, akaniita binti.

Mimi ni fundi wa viti. Kibanda changu kiko Malaba, kando ya barabara ambapo malori hupanga foleni kungoja kuvuka kwenda Uganda, na kwa miaka mingi kazi yangu kubwa imekuwa viti vya madereva. Mtu akiendesha lori kutoka Mombasa mpaka hapa, sponji imelala, springi zimeanza kumchoma, na foleni yenyewe haisogei. Ananiita, napanda kwenye kebini, nakitoa kiti, nakijaza na kukishona upya. Nashona pia sofa za watu wa Amagoro na viti vya makanisa. Nilikuwa nadhani viti navijua.

Yule mama alinieleza shida yake kwa utulivu, kama watu waliozoea kuzungumza na ndugu za mgonjwa. Alikuwa muuguzi mstaafu, ameolewa Amukura. Ujana wake aliufanyia kazi Nangina, kwenye hospitali ya misheni, na huko kulikuwa na daktari mgeni aliyekuja na hicho kiti kwa meli kutoka kwao. Siku moja, akiwa na mimba yake ya kwanza, mama huyu alizimia wodini kwa uchovu. Vitanda vyote vilikuwa na wagonjwa, basi wakamshika mkono mpaka nyumba ya daktari iliyokuwa jirani, wakamkalisha pale.

"Mgongo ulikuwa umenisumbua muda mrefu," aliniambia. "Nilipokaa hapo uliacha. Uliacha tu, kama redio ikizimwa."

Daktari alipomaliza kazi na kurudi kwao, aligawia watu vitu vyake. Wengine waliomba friji, wengine kabati, mmoja akaomba baiskeli. Yeye aliomba kiti. Wenzake walimcheka, maana hakikuwa hata cha kutosha watu wawili, na mbao zake zilikuwa nyembamba, tena zimepinda. Alikipakia kwenye pikapu ya kuku, akakipeleka Amukura.

Mume wake alikuwa dereva wa masafa marefu. Lori lake lilipinduka akitoka Juba, akaumia uti wa mgongo. Alipona akabaki wa kutembea na fimbo mbili, lakini kukaa kukawa ndiyo taabu. Kwenye sofa alishindwa, kwenye kiti cha mbao alishindwa, kitandani alichoka. Kiti cha daktari peke yake ndicho kilichompokea. Hapo alikula chakula chake, hapo alisomea Biblia yake, hapo aliwapokea wageni. Sasa majuzi, akiwa ameegemea anasikiliza taarifa ya habari, mgongo wa kiti ulibanduka ghafla, mzee akaenda chini chali. Mungu alisaidia, hakuvunjika kitu. Lakini tangu hapo alikuwa anakaa ukingoni mwa kitanda, na maneno yamempungua.

"Amenituma na neno moja," yule mama alisema. "Amesema fundi asitoboe."

Nilimwambia asiwe na wasiwasi. Niliitikia kwa mdomo tu, kama tunavyoitikia wateja. Kichwani nilikuwa nimeshaona bolti nne zikipita pale na kazi kuisha siku hiyo hiyo.

Alipoondoka nilikigeuza kiti nitafute mahali pa kuingiza drili. Hapo ndipo nilipoanza kuchelewa. Kwanza nilitafuta misumari, maana kila kiti nilichowahi kukifungua kina misumari, na mahali ilipo ndipo pa kuanzia. Sikuona msumari. Nilitafuta kichwa cha skrubu upande wa nje, sikuona. Nilipitisha kiganja nyuma ya mgongo wote, kutoka juu mpaka chini, na mkono wangu haukukwama popote. Mbao ilikuwa imepinda huku na huku, kama kiganja kinapokinga maji, na bado mistari yake ilikwenda pamoja bila kukatika. Niliangalia ukingoni. Haikuwa mbao moja. Zilikuwa tabaka za mbao nyembamba sana, zimegandishwa moja juu ya nyingine, kisha zote zikapindwa kwa pamoja na kubaki hivyo.

Mimi plaiwudi naijua. Naikata kila wiki kuweka chini ya sofa, mahali ambapo hakuna mtu atakayeiona. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuichukua plaiwudi, kitu cha kufichwa, akaifanya ndiyo uso wa kiti.

Ngozi nyeusi ya mito ilikuwa imepasuka kama tope la ziwa wakati wa kiangazi. Niliivuta kidogo, na mto mzima ukachomoka pamoja na vibanio vyake, ukaacha mbao wazi. Nikaurudisha, ukaingia na kukaa. Nikautoa tena. Nafikiri nilifanya hivyo mara nyingi, kwa sababu jirani yangu fundi wa welding aliacha kazi yake akaja kuona nacheza na nini.

Nilimwonyesha tatizo. Mgongo ulishikiliwa na vipande vya raba vilivyogandishwa kwenye mbao kwa ndani, chini ya mito, ili mtu akiegemea mgongo urudi nyuma kidogo pamoja naye. Raba hizo zilikuwa zimezeeka zikawa ngumu kama jiwe, zikabanduka. Jirani yangu aliangalia akasema ni kazi rahisi, nitoboe kutoka nje niweke bolti, na yeye atanipa washa za bolti zinazong'aa zipendeze. Alinishikia mgongo vizuri. Nikachukua drili, nikaweka ncha yake juu ya mbao.

Siwezi kusema ni kitu gani hasa kilinizuia. Neno la mzee lilikuwepo, lakini wateja husema mengi. Nafikiri ni ule mgongo wenyewe, jinsi ulivyokuwa mzima. Mtu fulani, mahali nisipopajua, alikuwa amejinyima njia rahisi. Bolti alikuwa nazo kama sisi. Alikaa akatafuta njia nyingine mpaka akaipata, ili mtu atakayeketi nyuma ya mwenye kiti asione kitu ila mbao. Na mimi nilikuwa nataka kulifuta hilo kwa dakika moja. Nilizima drili. Jirani yangu aliniuliza kama umeme umepotea.

Siku zilizofuata kiti kilikaa katikati ya kibanda na watu wakaanza kukiulizia. Madereva walisimama, taniboi wao, wale wasaidizi wa lori, wakaacha kuangalia matairi wakaja kuangalia mbao. Kulikuwa na dada mmoja, ajenti wa kupitisha mizigo forodhani, ambaye huja kwangu kuchaji simu. Alikizunguka, akakipiga picha, akaiuliza simu yake. Kisha akanipa nione.

Kilikuwa ndicho. Kilikuwa kwenye chumba cheupe huko Ulaya, kimewekwa juu ya jukwaa dogo, na mbele yake kamba ya kuzuia watu wasiguse. Aliniambia kile chumba ni makumbusho. Akasogeza picha, kikaonekana tena nyumbani kwa watu, ofisini kwa watu, katika picha za zamani zisizo na rangi na picha za mwaka huu. Aliniambia waliokibuni walishakufa, na kiwandani bado kinatengenezwa vile vile, umbo lile lile.

"Kwa hivyo hiki ni cha zamani ama ni cha kisasa?" nilimuuliza.

Alifikiri. "Dada, hata simu haijui," alisema.

Tulikaa naye juu ya benchi akaendelea kunionyesha vingine. Kulikuwa na kiti cha bomba la chuma lililopindwa mara kadhaa bila kukatwa, hakina miguu ya nyuma, na mtu amekikalia kama anaelea. Nilikitambua mara moja. Ndugu zake wako katika ofisi za serikali Amagoro, vimechakaa, vimefungwa waya, na kila mwananchi amewahi kuvikalia akingoja kupigiwa muhuri. Halafu akanionyesha kiti cha plastiki cha kipande kimoja, kimemiminwa kwenye kalibu moja, miguu na mgongo na mikono pamoja. Hivyo viti vyeupe ninaviona kila Jumamosi chini ya matenti ya matanga, vimepangwa mistari na mistari kwenye nyasi. Nimevikalia nikiwazika wazazi wangu. Nilikuwa nadhani vimetokea tu, kama mawe. Kumbe kuna watu walikaa zamani wakajiuliza kama kiti kizima kinaweza kuwa kitu kimoja, wakajaribu, wakashindwa, wakajaribu tena, na jibu lao limefika hadi matanga ya kwetu huku Teso.

Tangu siku hiyo sikukigusa kile kiti bila kunawa mikono.

Raba nilizipata kwa mafundi wa malori. Injini ya lori haikai juu ya chuma kwa chuma. Inakalia raba nene inayomeza mtikisiko, isije ikavunja fremu. Nilimwomba fundi mmoja raba ya aina hiyo iliyokuwa bado laini, nikaikata kwa kisu cha moto mpaka ikafanana na ile ya zamani. Nilifurahi kwamba mzee aliyeendesha malori ataegemea raba ya lori. Gundi ndiyo iliyonitesa. Ya viatu ilishika siku moja ikaachia. Ya mbao haikuipenda raba. Mwishowe nilivuka mpaka, nikaenda upande wa Uganda kwa mzee mmoja anayebandika vioo vya mbele vya magari, nikamweleza. Aliniita nnyabo, yaani mama kwa Kiganda, akanikalisha, akanichanganyia kidogo kutoka kwenye mikebe miwili, akanionya nisikiguse kiti mpaka gundi ikauke kabisa hata kama nitaona imeshakauka. Nilitii. Nilikibana kiti kwa vibanio, nikakiacha, nikafanya kazi nyingine nikikipa kisogo ili nisijaribiwe.

Ngozi niliinunua sokoni Busia, kwa fundi wa kandambili za ngozi anayejua kuchagua. Reksini, ile ngozi ya bandia, ninayo kibandani, ya kila rangi, lakini kila nilipoiweka karibu na ile mbao ilionekana kama uongo. Niliifungua mito ya zamani mshono kwa mshono nikifuata njia aliyopita fundi wa kwanza. Alikuwa ameshona kwa ndani mahali ambapo mimi ningeshona kwa nje, na kila nilipomfuata niligundua kwamba alikuwa na sababu. Mahali pengine palinishinda. Mto wa kichwa umekunjamana pembeni mpaka leo, na anayejua kuangalia ataona.

Nilipoondoa vibanio niliketi mimi kwanza, maana ndiyo kazi yangu kujua kama kiti kitabeba mtu. Nilijiachia nyuma nikiwa nimekaza shingo kwa hofu. Mgongo ulirudi nyuma nami kidogo, ukasimama. Magoti yalipanda, kiuno kikazama mahali pake, kichwa kikapata pa kulala. Nje taniboi walikuwa wanagombana na malori yananguruma, lakini mimi nilikuwa nimeshikwa na kitu ambacho kilinijua. Nimetengeneza viti maisha yangu yote na hakuna kimoja kilichowahi kunipokea hivyo. Nilibaki pale nikiangalia mabati ya kibanda changu.

Tulikipeleka Amukura kwa pikapu, nimekaa nacho nyuma. Nyumba ilikuwa ya matofali, safi, mahindi yameanikwa uwanjani, na sebuleni kulikuwa na sofa kubwa zilizofunikwa vitambaa vya kufuma. Mzee alitoka chumbani kwa fimbo zake mbili. Alikuwa mtu mrefu aliyevunjika katikati. Hakunisalimia kwanza. Alienda mpaka nyuma ya kiti, akaegemeza fimbo moja ukutani, akapitisha kiganja kwenye mbao kutoka juu mpaka chini, polepole, kama nilivyofanya mimi siku ya kwanza.

"Hukutoboa," alisema.

"Sikutoboa, mzee."

Ndipo akanipa mkono. Nilimwalika aketi, nikasimama kando nimshike. Hakusogea. Niliona anakiangalia kiti kama mtu anavyomwangalia mbwa wake aliyemuuma. Mkewe alimhimiza kwa upole, akamwambia fundi amekijaribu, kiko salama. Mzee alitikisa kichwa, akamwambia, "Keti wewe kwanza."

Mama alicheka, akasema ana chai jikoni. Mzee alirudia maneno yale yale, bila ukali. Basi yule mama akajifuta mikono kwenye leso, akageuka, akaketi ukingoni kama mgeni. Nilimwambia aegemee. Aliegemea. Kiti kilimpokea, mgongo ukarudi naye, miguu yake ikanyanyuka kidogo kutoka sakafuni. Akavuta pumzi ndefu. Alifumba macho, na kabla sijajua kinachoendelea alikuwa amelala usingizi.

Nilitaka kumwamsha maana mume alikuwa amesimama, na nilijua kusimama kunamuuma. Mzee aliinua kidole kunizuia. Alijisogeza mpaka kwenye sofa, akajiteremsha kwa shida, meno yameumana, akakaa. Akaniashiria nami nikae. Tulikaa hivyo tunamwangalia.

Aliongea kwa sauti ya chini. Alinieleza kwamba tangu ajali mkewe hajawahi kukikalia hicho kiti, hata siku moja, hata yeye mzee akiwa kitandani. Alikifuta vumbi, alikisogeza penye mwanga, alimwinua na kumkalisha, lakini hakukaa. Na kabla ya ajali ndicho kilikuwa kiti chake. Alikuwa akitoka kazini jioni, anavua viatu, anakaa pale, na yeye mzee, siku ambazo yuko nyumbani, anamkuta amelala hivyo hivyo, mdomo umefunguka kidogo.

"Nilikuwa nimesahau sura yake akilala hapo," alisema. "Nikaona kiti ni changu."

Nilimwangalia yule mama. Mwili wake wote ulikuwa umelegea, mabega, mikono, vidole, kila kitu alichokuwa amekikaza siku ile aliponiletea mgongo wa kiti amekumbatia. Nilifikiria yule msichana mjamzito aliyekalishwa hapo zamani, na wale watu wasiojulikana waliopinda mbao nchi nyingine, ambao hawakuwahi kusikia jina Amukura wala Nangina. Hawakumjua huyu mama. Lakini mgongo wa binadamu walikuwa wameujua vizuri mpaka wakamjua na yeye.

Alilala mpaka chai ikapoa jikoni. Alipoamka aliona aibu, akaruka kusimama, akaanza kumlaumu mumewe kwa kukaa kwenye sofa. Akamwinua kama alivyomwinua siku zote, kwapa kwa bega, na safari hii mzee alikubali. Aliketi. Aliegemea kidogo, akangoja, akaegemea zaidi. Kisha uso wake ulifunguka, na jambo la kwanza alilotaka ni redio.

Niliporudi Malaba sikuweza kuacha kufikiri juu ya ile nyumba yenye watu wawili na kiti kimoja. Nilitafuta plaiwudi nyembamba, nikachemsha maji kwenye pipa, nikajaribu kuipinda kwa mvuke. Ilipasuka. Nikajaribu nyingine, ikapinda vizuri, nikalala na furaha, asubuhi nikaikuta imenyooka. Jirani yangu wa welding, aliyekuwa ananicheka, mwishowe alinitengenezea kalibu ya chuma, akaanza kuja kabla hajafungua kazi yake kuona kama mbao imeshika umbo. Haikushika. Kupinda mbao namna ile kunanishinda mpaka sasa, na siku hizi nikikumbuka ule mgongo nauheshimu zaidi kuliko nilipouona mara ya kwanza.

Lakini mlalo wa kile kiti nilikuwa nimeupima, kutoka kiunoni mpaka kichwani, na urefu wa goti. Basi nikatengeneza kiti cha mbao za kawaida zilizonyooka, misumari inaonekana, mito ya reksini ya kahawia, kikiwa na mlalo ule. Hakipendezi sana. Ukikiweka mbele ya kile kingine kinaonekana kama mtu wa shamba aliyekuja harusini. Nilikipeleka Amukura mwenyewe, nikakiweka upande wa pili wa redio.

Mama alikikalia mbele yangu. Akajisogeza, akaegemea, akangoja.

"Mgongo unasemaje?" mzee alimuuliza kutoka kwenye kiti chake.

"Umenyamaza," mama alisema, na akafumba macho.